Kodi Ilihesabu Vichwa, Kura Ikahesabu Mifuko

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope lililochukua magogo na mawe makubwa hata likafika Katesh, Gendabi na Jorodom, watu zaidi ya 80 walifariki dunia, na wengi katika waliosalimika walijikuta hawana nyumba, wala ghala, wala mbuzi mmoja wa kumfunga kamba. Mtu aliyelala na magunia yake ya mahindi aliamka fakiri. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba, maadamu mali yake imezama, na uraia wake umezama pamoja nayo. Kwani Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, inayompa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, haiulizi mtu amebakiwa na nini.

Nayasema haya kwa sababu wangalipo watu, wengine wenye elimu na hadhi zao, ambao wakikaa barazani hunena kwamba kura ya mkwasi na kura ya kabwela hazistahili kuwa sawa, ati mkwasi ndiye alipaye kodi. Hoja hiyo nchi hii ilikwisha kuionja uchungu wake. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ambao chama cha TANU kiliukubali kwa shingo upande katika mkutano wake wa Tabora, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150, yaani shilingi 3,000, kwa mwaka, au elimu ya darasa la 12, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Na katika nchi ya watu wapatao milioni 9, walioandikishwa hawakutimia 60,000. Ilhali mkulima wa Kiiraqw na mfugaji wa Kibarabaig walidaiwa kodi bila kuulizwa kisomo wala mshahara. Kodi ilihesabu vichwa, kura ikahesabu mifuko.

Masharti yalipolegezwa mwaka 1960, ikatosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75, wapiga kura wa Mbulu, wakati Hanang ingali sehemu ya wilaya hiyo, walitenda jambo lisilotendwa penginepo: TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichosalia alikitwaa Herman Sarwatt, aliyesimama kwa nafsi yake akamshinda mgombea wa chama. Chama kilikuwa na nguvu, nao walikuwa na rai yao. Nani basi atadai kwamba busara ya kuchagua hupimwa kwa shilingi?

Wala si kweli kwamba maskini halipi kodi, kwa kuwa mama anunuaye kipande cha sabuni dukani hulipa ndani ya bei ile ile. Ama wale wasemao kwamba fukara huiuza kura yake, na wakumbuke kwamba hapana muuzaji pasipo mnunuzi. Mali, ilipozuiwa na sheria isiwachague wapiga kura, iligeuka ikaanza kuwanunua kwa kitenge, kwa kilo ya sukari, kwa noti iliyokunjwa ikapenyezwa kiganjani wakati wa kupeana mikono. Na sheria ya mwaka 2000 ikaupa mwenendo huo jina la heshima, takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Hukumu hiyo ilikuwa ya insafu, lakini jaji hawezi kusimama mlangoni pa kila nyumba. Dhima iliyobaki ni yetu: sukari huisha kwa wiki moja, na mbunge hukaa miaka mitano.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Tajiri akipuuzwa na serikali huchimba kisima chake na kumpeleka mwanawe shule ya kulipia. Mkulima wa Jorodom, ambaye uhai wake unategemea msitu wa mlimani utunzwe na mikondo ya maji izibuliwe, hana chombo kingine ila karatasi ile. Siku ya uchaguzi, katika baridi ya alfajiri, mzee aliyejitanda shuka na mwenye matrekta husimama foleni moja, na vidole vyao huchovywa katika wino mmoja. Tusimruhusu mtu yeyote, kwa sheria wala kwa sukari, autie wino huo katika mizani ya mali.