Kuna Furaha Wawili Kwenye Orodha

Vijana wenzetu wa Namatala, na ninyi mnaotufundisha,

Wengi wetu sasa tuko tunajifunza Python, wengine kwa laptopu ya kuazima, wengine kwa simu ya kioo kilichopasuka. Ni vizuri. Lakini mwanafunzi mpya wa sayansi ya data hukimbilia kutabiri: eti kompyuta ijifunze yenyewe, grafu zitoke, cheti kipatikane. Kodi ikikubali bila maandishi mekundu, anaamini jibu ni sahihi. Sisi tunasema hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Kompyuta inafanya ulichoiambia tu. Haijui kama jedwali linasema ukweli.

Chukueni orodha ya wakimbizi. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa mara nyingi huandikwa Januari 1. Nani kati yetu hana binamu wa Januari 1? Asiyejua hilo atachora grafu na kushangaa kwa nini watu wetu wote huzaliwa mwaka mpya. Hapo tutacheka.

Sasa weka Furaha wawili, wote Januari 1, 2004. Mwanafunzi amesikia kwamba kusafisha data ni kuondoa mistari inayojirudia. Analinganisha jina na tarehe, anaandika drop_duplicates, na Furaha mmoja ametoweka. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini. Na kinyume chake kipo: karani mmoja aliandika Byamungu, mwingine Biamungu, mtu mmoja amekuwa wawili. Kwa hiyo linganisheni namba ya usajili, si jina. Hesabuni mistari kabla na baada, na ile inayotaka kufutwa isomeni kwa macho kwanza.

Nafasi tupu nayo ina hila yake. Mama hakuulizwa ana watoto wangapi, au karani aliruka swali. Mtu anajaza sifuri kila mahali ili kodi isigome. Kumbe tayari amesema mama yule hana mtoto.

Jamani, haya si mazoezi ya darasani tu. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki upya wakimbizi wa Uganda, na hesabu ya watu kama milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Mwaka 2023 WFP iligawa familia za makambini katika makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa kwenye chakula. Nyuma ya maamuzi kama hayo kuna majedwali, na mstari ukikosewa, kuna sufuria mahali fulani inayobaki tupu. Kesho anayeandika kodi hiyo anaweza kuwa mmoja wetu.

Makosa mengine ni madogo, dawa yake iko karibu. Tarehe 03/04/2023 kwetu ni Aprili 3. Pandas isipoambiwa huisoma kama Machi 4. Namba iliyoingia kama maandishi itakudanganya: '5' + '5' ni '55'. Python ikigoma, anza kusoma ujumbe wake kutoka mstari wa mwisho, huko ndiko imetaja tatizo. Na kutazama video kumi bila kuandika hata mstari mmoja ni kumaliza bando tu.

Kwa ninyi wa mashirika: msitupeleke kwenye utabiri wiki ya pili ili ripoti ipendeze. Tupeni jedwali chafu la kweli, lililotolewa majina na namba za watu, na muda wa kulichunguza. Atakayetuuliza kwa nini kila mtu ni wa Januari 1, tutamjibu bila kompyuta.

Kwa wenzetu: UNHCR huweka wazi takwimu za wakimbizi wa Uganda. Zipakueni, someni mistari ishirini ya kwanza, na mwandike kwenye daftari kila kitu kinachowatia shaka. Kodi itafuata baadaye.