Butembo-Beni: Gari la mkimbizi lisifanywe mateka mpakani

Wasikilizaji wa Butembo, Beni na Kasindi, nanyi familia mliohama kwa ajili ya vita, leo tuongee juu ya gari linalovuka Kasindi na kuingia Mpondwe, Uganda.

Sheria ya duane ni hii: mgeni anaweza kuingia na gari lake bila kulipa ushuru wote, akiahidi kulirudisha kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi. Siku zikipita, anadaiwa faini au ushuru, na gari linaweza kukamatwa.

Sheria hiyo inamfaa mfanyabiashara anayejua siku ya kurudi. Lakini aliyekimbia mauaji ya ADF huku Beni, ao vita ya M23 kule Lubero, atajuaje siku yake? Shamba ameliacha, nyumba ameiacha. Gari ao pikipiki ndiyo mali iliyobaki. Ikikamatwa, watoto watakula nini?

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ujirani huo uonekane pale mpakani: bei zibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kinande, na mkimbizi apewe njia nyepesi ya kuongeza siku.

Nasi tufanye yetu. Beba karatasi za gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na ile kadi ya manjano ya COMESA, yaani asiransi, uipate kabla ya kuvuka. Omba siku mpya kabla za kwanza hazijaisha. Na kila pesa unayotoa, dai risiti.