HUNDI HAINGOJI MWISHO WA MWEZI

Ndugu wanachama, twaona wengi wenu huko Kibera na Kawangware bado mwadhani kwamba hundi ikitolewa leo, karatasi itazungushwa siku nyingi, na mshahara utawahi kuingia. Hiyo ilikuwa desturi ya zamani. Tangu mwaka 2011 mabenki ya Kenya hayapelekeani karatasi. Benki inayoipokea huipiga picha, na picha hiyo hupelekwa kwa mitambo, pamoja na namba zilizoandikwa chini ya hundi. Sisi wa reli twaelewa: gari la mizigo lingali stesheni, lakini simu imekwisha fika. Siku ya kazi ya pili fedha zatakiwa.

Zikikosekana, hundi hurudi na benki hukukata ada. Tena, kutoa hundi ya tarehe ya leo, hali wajua akauntini hamna kitu, ni kosa la jinai.

Linalotuchoma zaidi ni hundi tupu, zenye sahihi bila kiasi, wanazoachiwa wakopeshaji. Mwenzetu mmoja alimaliziwa mshahara asubuhi ile ile ulipoingia, na kodi ya nyumba haijalipwa. Wenye hundi za namna hiyo wamwone Katibu kabla ya siku ya mshahara.