Kompyuta Kuukuu na Adabu ya Kukarabati

Katika tafakari ya juma hili nawaalika tuitazame burudani ambayo wengi huidhania kuwa ni utoto wa watu wazima: kufufua kompyuta za zamani, kuziongezea uwezo na kuzitumia tena. Wapo wanaouliza, ya nini kuhangaika na Commodore 64 ya mwaka 1982, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, ilhali simu ya mfukoni inaizidi mara elfu nyingi? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Jibu latoka Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1985 msanii Andy Warhol alichora picha kadhaa kwa kompyuta aina ya Amiga 1000. Disketi zake zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake, lakini picha zilizokuwamo hakuna aliyeweza kuzitazama. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wamefaulu kuzisoma disketi hizo, na kwa kuuchambua mfumo wa mafaili uliokwisha kusahaulika, wakazitoa picha hizo nuruni. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya disketi, na disketi isiyo na mashine ya kuisoma, wala mtu aijuaye mashine hiyo, ni kipande cha plastiki tu.

Ndugu zangu, mashine hizi hazichakai kwa kutumiwa peke yake. Nyingi hujila zenyewe zikiwa kabatini. Kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilifungwa betri ya nikeli na kadimiamu juu ya ubao mkuu, ili saa yake isisimame. Betri hiyo ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Vivyo hivyo kapasita za Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 na za Amiga 1200 ya mwaka 1992 hujulikana kwa kuvuja. Basi aliye na mashine ya namna hiyo stoo asingoje mpaka apate nafasi ya kuikarabati yote. Aitoe betri leo. Majimaji hayo yana asili ya magadi, hivyo siki kidogo huyatuliza, kisha ubao husafishwa kwa spiriti na kukaushwa vema. Mwenye Commodore 64 naye asiiwashe kwa adapta yake ya zamani kabla ya kuipima, maana ikiharibika yaweza kupitisha umeme uzidio volti 5 na kuziunguza chipu za kumbukumbu. Na skrini za kizamani zenye kioo kinene hubaki na umeme mkali hata zikiwa zimezimwa. Asiye fundi asizifungue kamwe.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Katika burudani hii pana mabishano: wengine hutaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, wengine huongeza lolote wapendalo. Mimi nasema, kila nyongeza na iwe ile iwezayo kuondolewa. Kuweka kifaa cha Gotek mahali pa kiendeshi cha disketi, au kadi ya CompactFlash mahali pa diski ngumu iliyokufa, ni jambo jema. Skrubu chache zikifunguliwa, mashine hurudi ilivyokuwa. Lakini kulikata kasha kwa msumeno ili kupenyeza tundu la HDMI, au kuutupa ubao wa asili na kubakiza gamba, huko si kukarabati.

Utaniambia, “Mali ni yangu.” Ni kweli. Hata hivyo, kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994, na chipu ya asili ya sauti iitwayo SID haitengenezwi tena. Kila moja inayoharibiwa hupunguza akiba isiyoongezeka.

Wale wa kambi ya kwanza nao nisiwaache. Kapasita inayovuja haina heshima ya kuhifadhiwa, ibadilishwe. Na kompyuta iliyofungiwa kabatini bila kuwashwa haimfundishi mtu kitu. Ustadi wa kuitumia hufa pamoja na wanaoujua, usiporithishwa kwa vijana.

Basi wapendwa, kabla hamjatupa kompyuta ya zamani, ulizeni kwanza kuna nini ndani yake. Kama mna disketi zenye barua, hesabu au picha za wazazi, nakilini mapema, kwa maana usumaku wake hufifia. Kisha mtafuteni kijana mmoja mdadisi, mketi naye, mwiwashe pamoja.