Mbwa Asiyeguswa Huugua Pasipo Kujulikana



Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa ni askari wa usiku tu. Hupewa ugali uliobaki, hulala nje penye majivu, na mkono wa mtu haumfikii ila umeshika fimbo. Ukimwambia mwenyewe kwamba yafaa amchane manyoya kila juma, atacheka na kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Leo nataka kukuonyesha, ndugu msomaji, kwamba si anasa hata kidogo. Kumchana mbwa ni kumkagua, na kumkagua ni kulinda afya yake na ya watoto wako pia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnyama hana kinywa cha kusema anapoumwa. Mkono wa mwenyewe ndio daftari lake. Anayempapasa mbwa wake kila juma hujua uvimbe ulipoota, kidonda kilipoanza, na kama mbavu zimeanza kutokeza. Asiyempapasa hupata habari siku mbwa anaposhindwa kusimama.

Kwanza, tafuta kupe. Hupenda kujificha masikioni, shingoni na kati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kumwambukiza vijidudu vya homa. Hapo mbwa hukataa chakula, hulegea, na fizi zake huwa nyeupe. Tena kupe jike akishiba huanguka, huingia katika nyufa za ukuta na kutaga maelfu ya mayai. Usimpasue kwa vidole. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, kisha mtumbukize katika mafuta ya taa.

Pili, viroboto. Mchane mbwa juu ya karatasi nyeupe. Ukiona chembe nyeusi zimeanguka, zidondoshee maji. Zikitoa rangi nyekundu, jua kwamba ni mavi ya viroboto, maana chakula chao ni damu. Kiroboto hubeba aina moja ya tegu. Mbwa akimmeza anapojitafuna hupata mnyoo huyo, na mtoto mdogo achezaye naye akimmeza kwa bahati mbaya huupata vilevile.

Tatu, tazama nyayo. Funza si mdudu wa asili ya kwetu. Alifika Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara mpaka pwani ya mashariki. Huingia katika nyayo za mbwa kama aingiavyo katika miguu ya watu, na mayai yake huanguka katika vumbi la uwanja. Basi mama anayewatoa watoto funza kila jioni na kumsahau mbwa, ateka maji kwa pakacha.

Kazi hii haihitaji zaidi ya robo saa na kitana kigumu. Fuata manyoya yanavyolala, usiyavute. Nusa masikio, yakitoa harufu mbaya, yana ugonjwa. Kucha zikiwa ndefu zipunguze ncha tu, kwani ndani yake mna mshipa wa damu. Kuoga si kila siku: mbwa wengi yawatosha mara moja kwa mwezi, maana sabuni kali hukausha ngozi. Paka hujisafisha mwenyewe kwa ulimi. Ukiona ameacha, na manyoya yamesimama, huyo hajambo la nje tu, ndani anaumwa.

Juu ya dawa, muulize bwana mifugo. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukakadiria kwa macho. Na dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka kamwe, kwani huweza kumwua.

Liko jambo moja kubwa kuliko haya yote. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra mno apone. Kinga ni kuwachanja mbwa. Lakini siku ya chanjo wako mbwa wanaobaki bila sindano kwa sababu hakuna awezaye kuwashika, hata mwenyewe! Mbwa aliyezoea kuchanwa tangu udogo husimama kimya akadungwa. Hivyo kitana kimelinda mtaa mzima.

Walakini, mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayetoka mate na kuuma ovyo, usimguse. Mwite bwana mifugo. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo.

Anza na Jumamosi hii. Mwite mbwa wako kwa jina lake, mpe kipande cha chakula, umpapase kidogo tu. Juma lijalo ongeza masikio, na juma la tatu miguu. Watoto wakubwa wafundishe wakiwa nawe karibu, nao wanawe mikono wakimaliza. Mwezi ukiisha utajua hali ya mbwa wako kama unavyojua akiba ya unga nyumbani.

Kwa herini mpaka juma lijalo.