Mgonjwa wa Akili si Mhalifu

Maadui wetu tuliwataja zamani kwa majina yao: ujinga, maradhi na umaskini. Lakini kila tuliposema maradhi, wengi wetu tuliwaza malaria, kifua kikuu na kipindupindu. Maradhi ya akili tuliyaacha nje ya hesabu, kana kwamba anayeugua akili si mwananchi sawa na anayeugua tumbo. Leo twataka kuyasema wazi, na twaanza na ndugu zetu wa Nzuguni, Dodoma, kwa sababu wao hawana udhuru wa umbali.

Nzuguni iko upande wa mashariki wa jiji, penye viwanja vya Nanenane na kituo kikuu cha mabasi. Katika jiji hilo hilo iko Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mgonjwa wa Kigoma au wa Songea huifikia kwa safari ndefu ya basi. Wa Nzuguni huifikia kwa daladala. Hata hivyo wako wanaoogopa kulitaja jina lake, maana nchi nzima tumeligeuza kuwa tusi. Watu wakigombana sokoni, mmoja humwambia mwenzake aende Mirembe, na wasikilizaji hucheka. Kicheko hicho kina gharama. Mzazi anayeona kijana wake amebadilika humficha chumbani ili majirani wasiseme, na ugonjwa ambao ungetibiwa mapema huota mizizi.

Yafaa basi kuyajua maradhi yenyewe. Iko sonona. Hii si huzuni ya msiba, wala ya mtama kukaukia shambani. Ni huzuni inayokaa wiki mbili na zaidi: usingizi unakwenda, chakula hakina ladha, kazi inachosha, na mtu hujiona hafai kitu. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinauma, au wanawaza sana. Uko wasiwasi uliopita kiasi, unaoupeleka moyo mbio pasipo hatari. Iko skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wenzake. Na uko ulevi, ambao huyachochea yote. Chanzo chake ni mchanganyiko wa mambo: urithi wa damu, mateso ya utotoni, misiba, dhiki, upweke. Hapana hata mmoja ulio ushahidi wa uvivu au wa laana.

Tena maradhi haya yana matibabu. Sonona na wasiwasi hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Anayeziacha siku ya tano akisema hazifai amejidhulumu. Mwenye skizofrenia akifuata dawa na akipata watu wa kumtunza, aweza kulima, kufanya biashara na kulea watoto. Anayetaka kuombewa kanisani au msikitini aombewe, lakini asizuiwe kwenda hospitali.

Sasa tuseme neno zito. Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu mtu akijaribu na akaokolewa, Kanuni ya Adhabu yasema ametenda kosa. Twauliza: anayejua kuwa akisema atashitakiwa, atamwambia nani? Ndugu zake nao watampeleka zahanati, au watanyamaza?

Na sheria hiyo ilitoka kwa nani? Ni ya mkoloni. Aliiweka katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945. Naye kule kwao Uingereza alilifuta kosa hilo mwezi wa Agosti 1961, miezi minne kabla ya bendera yake kushushwa hapa. Yeye alijivua, sisi tukabaki tumevaa koti lake. Ghana imelivua mwaka 2023. Majirani zetu wa Kenya wamesikia Mahakama Kuu yao ikitamka, Januari 2025, kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi twangoja nini? Twawataka wabunge wetu, wanaokutana hapo hapo Dodoma, wakifute.

Lakini wanachama wasikae kitako wakiwangoja wabunge. Chama hiki kina balozi katika kila shina, naye hujua nani amefiwa, nani amezama katika madeni, nani hatoki tena nje. Nzuguni wako wageni wengi waliofuata kazi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Mtu hupanga chumba, hana mjomba wala shangazi wa kumwuliza habari. Balozi na jirani ndio ndugu zake.

Basi wamwulize. Mtu akisema amechoka kuishi, akigawa vitu vyake, akiaga pasipo safari, aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kupumua. Asikilizwe bila kukemewa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe mbali naye. Nchi ya Sri Lanka ilipiga marufuku dawa zenye sumu kali zaidi, na vifo vya kujiua vikapungua sana, maana saa ya hatari mara nyingi ni fupi, na anayevushwa saa hiyo huweza kupona.

Nawe unayesoma hapa ukiwa umeelemewa, ndugu, sema leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha nenda naye zahanati. Nchi hii ilijengwa na watu waliosaidiana mzigo, na wako haukuzidi nguvu zetu.

Adui ni maradhi. Mgonjwa ni ndugu yetu.