Kipindupindu Hakina Uraia

Kipindupindu kikizuka Busia, Mkenya humnyoshea kidole Mganda. Kikifika Tororo, Mganda huirudisha lawama. Wote wawili hukosea. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa jenomu 1,070 za bakteria wa kipindupindu kutoka nchi 45 za Afrika. Tangu 1970 bakteria hao wameingia barani angalau mara 11, na koo zilizo sugu kwa dawa, zilizotamalaki baada ya mwaka 2000, zilitoka Asia. Jirani atuhumiwa bure! Tudai maji safi. Tuache kumeza antibiotiki kiholela, kwani huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu uwanja. Mwaka 2018 marais walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia ili malori yasicheleweshwe; taarifa za maabara nazo zivuke upesi vivyo hivyo.